Kununua shamba Makete: uzoefu wangu wa kukagua, kupima na kupitisha kijijini

Kwa anayetafuta ardhi ya baridi, yenye maji na udongo wenye kina, naipendekeza Wilaya ya Makete mkoani Njombe bila kusita. Utaratibu wa kununua kupitia kijiji nao unafanya kazi vizuri kuliko watu wa mjini wanavyodhani, ila unamtaka mnunuzi awe na subira na miguu. Ninachosisitiza ni kimoja: huku bei hutajwa kwa ekari, lakini thamani iko kwenye mteremko, maji na njia ya gari. Ekari mbili za kitongoji kimoja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Njia ya kawaida ya kufika ni kupitia Makambako na Njombe mjini, kisha zaidi ya kilometa mia moja hadi Iwawa, makao makuu ya wilaya. Barabara hiyo sasa ina lami. Anayetoka Mbeya anaweza kupandia Chimala kwenda Matamba kwa ile njia ya kona kali inayoitwa Hamsini na Saba, lakini siipendekezi kwa dereva mgeni, hasa ukungu ukishuka. Lami isikudanganye hata hivyo. Mashamba mengi yako kwenye barabara za udongo zinazoachana na lami, na hizo ndizo za kukaguliwa. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Madalali hupenda kupeleka wateja kati ya Julai na Septemba, njia zikiwa kavu na magari madogo yanapita. Nenda tena Machi au Aprili kabla ya kulipa. Utaona daraja la magogo linalofunikwa na maji, sehemu ambayo Fuso linakwama, na chemchemi ambazo kiangazi hazionekani. Kwa upande wa pili, kiangazi nacho kina jambo lake: kati ya Juni na Agosti usiku huwa wa baridi kali na sakitu, yaani umande unaoganda, huunguza majani ya viazi. Hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama mabondeni, kwa hiyo shamba la chini linaweza kuungua lote huku la mita chache juu yake likibaki salama. Waulize majirani ni mstari gani wa mteremko ambao sakitu haiupandi. Wanaujua vizuri.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kijijini ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Kwa mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 90 na ushei, hiyo ni kama mita 64 kwa 64, karibu sawa kabisa na ekari halisi ya mita za mraba 4,047. Hesabu hiyo ni nzuri kwenye tambarare. Kwenye mteremko, hatua zinahesabiwa juu ya ngozi ya ardhi, ilhali mpima ardhi huhesabu eneo kama linavyoonekana kwenye ramani. Mteremko wa nyuzi 30, ambao Makete si wa ajabu, mita 64 za kushuka zinabaki kama 55 kwenye ramani. Maana yake kila "ekari" uliyopigiwa hatua ina asilimia 87 tu ya ekari, na ukinunua kumi umekosa moja na zaidi. Mteremko wa nyuzi 20 hupunguza kama asilimia 6. Muuzaji hajakuibia, mmetumia vipimo viwili. Kubalianeni mapema, na muandike, kwamba bei inalipwa kwa eneo la mpima na si kwa hatua.

Programu za simu za kupimia shamba zinasaidia, lakini zijue mipaka yake. Mahali pa wazi simu hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya misindano (miti ya paina) iliyosongamana au ndani ya korongo hukosea zaidi. Kwa shamba la ekari kumi hilo ni dogo. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 simu haifai kitu. Nilichokiona kuwa na manufaa ni kusimama dakika moja au mbili kila kona kabla ya kuweka alama, kuzunguka shamba lote mara mbili, na kulinganisha majibu. Yakitofautiana sana, rudi kwenye kona zenye miti. Tembea na majirani wa pande zote nne, kila mmoja kwenye mpaka wake, na mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Mpaka ambao jirani yake hakuwepo uhesabu kuwa bado haujakaguliwa.

Muuzaji akikuonyesha vinyungu, yaani bustani za ardhi oevu, chini bondeni, atavisifu kama sehemu bora ya shamba, na kwa mboga za kiangazi ni kweli. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye mashamba membamba yanayoshukia mtoni, mita hizo zinaweza kula robo ya eneo. Usilipie sehemu hiyo bei ya eneo la kujenga. Vivyo hivyo kwa shamba linalopakana na barabara kuu au ya mkoa: Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Na ukiwa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa 2005, au Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere, mwombe ofisa ardhi wa wilaya akuonyeshe mpaka kwenye ramani. Maelezo ya mdomo hayatoshi hapo hata kidogo.

Swali gumu kuliko yote ni nani mwenye shamba. Wakinga, wenyeji wa Makete, ni watu wa biashara. Wenye ardhi wengi wako Mbeya, Makambako au Dar es Salaam, na anayelima ni kaka au mjomba aliyebaki. Anayekuonyesha shamba huenda hana mamlaka ya kuliuza. Kama mwenye shamba alifariki, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Muhtasari wa kikao cha ukoo pekee hautoshi, ingawa nao uupate, kwa kuwa ndio unaoonyesha kwamba ndugu wote wanajua. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, mwenzi atie sahihi ya ridhaa mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kisha uliza habari za miti. Mara nyingi misindano iliyosimama shambani imekwisha kuuzwa kwa mfanyabiashara wa mbao, na viazi vilivyoko ni vya mpangaji wa msimu. Mkataba utaje miti ni ya nani, ikatwe lini, na mpangaji aondoke tarehe gani.

Idhini ya kijiji isirukwe kwa namna yoyote. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi hiyo, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini yake hayana nguvu. Karatasi iliyogongwa muhuri na mtendaji peke yake ofisini haitoshi. Unachohitaji ni muhtasari wa kikao wenye tarehe, mahudhurio na sahihi, unaotaja jina lako, jina la muuzaji, ukubwa na mipaka. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi na mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, kwa hiyo panga safari yako kwa kalenda yao. Ukifika wiki moja baada ya kikao utasubiri, na hapo ndipo watu hushawishika kupitia njia ya mkato. Malipo yoyote ya serikali yalipwe kwa namba ya udhibiti na upewe risiti. Fedha ya mkononi isiyo na risiti ikatae kwa upole. Asiye raia wa Tanzania asijaribu kununua hivi, wala kwa jina la rafiki. Kwake njia ni ya uwekezaji.

Baada ya hapo ndipo hati ya hakimiliki ya kimila. Inatoka haraka kijiji kikiwa na vitu vitatu: cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, na masjala ya ardhi. Kijiji kisicho navyo hakiwezi kukuharakishia hati, hata viongozi wawe waungwana namna gani. Uliza hayo siku ya kwanza kabisa, na usome mpango wa matumizi: shamba lililotengwa kwa malisho au kuhifadhi chanzo cha maji usilinunue kwa ajili ya kupanda miti.

Kwa wanaonunua ili wapande misindano, nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche kama 450 kwa ekari. Gharama inayosahaulika ni moto. Acha barabara ya moto, yaani ukanda usio na majani, ya mita 10 kuzunguka shamba na uilimie kila mwaka kabla ya kiangazi kukomaa, maana moto mwingi hutoka kwa jirani anayeandaa shamba. Na mbao zisizofikiwa na lori hubebwa kwa mabega hadi barabarani. Mnunuzi hukata gharama hiyo kwenye bei yako. Shamba la mabondeni hununuliwa kwa bei rahisi, na ubebaji huo huimeza nafuu yote siku ya mavuno.

Kwa viazi, chimba shimo la sentimita 60 sehemu tatu na uangalie kina cha udongo mweusi. Uliza kwa msisitizo kama mnyauko bakteria umewahi kutokea, kwa sababu ugonjwa huo hukaa udongoni. Shamba lenye visiki vya milingoti (mikaratusi) lipunguziwe bei, kwani huchipua tena na kung'oa ni kazi ya fedha. Maji mengi huku ni ya mserereko, yaani hushuka yenyewe bila pampu. Zungumza na jumuiya ya watumia maji kama bomba linafika kiwanjani au linaishia chini yake, maana kupandisha kunahitaji pampu. Umeme, hesabu umbali hadi nguzo ya mwisho.

Kwa alama, ukaguzi na majirani naupa tano kwa tano. Hakuna hati inayokulinda kama watu wanne waliosimama nawe mpakani. Utaratibu wa kijiji nne, kwa ajili ya kusubiri vikao. Madalali nawapa mbili tu: wanajua mashamba yanayouzwa, lakini wengi hawaijui historia ya ukoo unaouza, na kamisheni yao hulipwa siku ya sahihi. Mlipe dalali baada ya muhtasari wa halmashauri ya kijiji kutoka, na uliweke hilo kwenye makubaliano kabla hajakupeleka shambani.