Spika za alumini, spika za hariri, na muuzaji aliyekataa kupunguza sauti

Nimesikiliza spika nyingi, lakini sijapata kukutana na muuzaji anayechukizwa na kitufe cha sauti kama yule aliyenihudumia hivi karibuni. Nilitaka kulinganisha jozi mbili za spika ndogo za kuweka juu ya stendi: moja yenye twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba za juu) ya alumini na tundu la hewa nyuma ya kasha, nyingine yenye twita ya hariri na kasha lililozibwa kabisa. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kila anapobadilisha jozi asawazishe sauti, kwa kuwa zile za alumini zilikuwa zinapaza zaidi kwa nguvu ileile ya amplifaya. Akacheka, akasema, "Bwana, umekuja kusikiliza muziki au kupima?"

Swali hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Tofauti ya desibeli 1 ya ukubwa wa sauti haisikiki kama sauti iliyopanda. Husikika kama sauti iliyo bora, besi ikiwa imejaa na ala zikiwa zimetengana. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walikwisha kuonyesha tangu mwaka 1933 kwamba ukubwa wa sauti unaposhuka, besi ndiyo inayofifia zaidi masikioni, kwa hiyo spika inayopaza huanza na ushindi mkononi. Muuzaji anayelijua hilo na kulinyamazia anamghilibu mteja.

Nilikishika kitufe mwenyewe, naye akanuna. Sauti ziliposawazishwa, uzuri wa alumini ulipungua mno: kila mwimbaji wa kike alipotamka "s", ilichoma sikio kama sindano, na baada ya nyimbo chache nikatamani kimya. Hariri ziliacha pumzi ya mwimbaji isikike kabla ya neno, na noti ya mwisho ya piano ikafifia taratibu bila kukatwa.

Hata hivyo, haki itendeke: matoazi kwenye alumini yalikuwa na uhai ambao hariri haziukaribii, na nilikuwa tayari kusema kwamba hizo ni spika za ngoma na hizi ni za sauti za watu, nikaishia hapo. Besi ndiyo iliyonirudisha kwenye hasira. Spika za alumini zilikuwa zimebanwa ukutani, tundu likipumulia ukuta, na kila pigo la ngoma kubwa likavimba na kuchelewa kuisha. Nikaomba zisogezwe mbele kidogo. "Spika nzuri haihitaji kusogezwa," akanijibu, akiwa tayari anachomoa nyaya.

Basi hukumu yangu dhidi ya alumini ichukuliwe kwa tahadhari, maana sijazisikia zikiwa mahali pake, na huenda nilimkataa yeye kuliko nilivyozikataa spika. Hariri ndizo nilizonunua, tena kwa muuzaji mwingine, aliyesawazisha sauti kabla sijamwomba.