Vitabu saba vya likizo ya kaskazi, kwa wasomaji wa Tanga

Likizo ya Desemba hapa Tanga ina joto lake. Vuli haijaaga vizuri, kaskazi imeshaanza kuvuma, na kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi hakuna anayesoma ukurasa wa maana, si Ngamiani wala Chumbageni, hata chini ya feni. Saa za kusoma zimebaki mbili: asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, na usiku barazani baada ya kula. Ya asubuhi ni ya mtu na kitabu chake. Ya usiku ni ya wengi na kitabu kimoja, mmoja anasoma na waliobaki wanasikiliza. Kwa hiyo vitabu vilivyomo humu vimepimwa kwanza kwa swali hili: kikisomwa kwa sauti, kinasikilizika?

Swali hilo si la mapambo. Fasihi ya mwambao huu ilitungwa kwa ajili ya sikio, na mitihani ndiyo iliyoihamishia machoni. Watu wazima wengi wanamkumbuka Shaaban Robert kwa "taja na ufafanue dhamira tano", kisha basi, hawakumgusa tena. Huyo ni mtu aliyezaliwa Vibambani hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Kumwacha akafia kwenye karatasi za mitihani ni kumdhulumu, na ni kujidhulumu wenyewe.

Basi anzeni na yeye, na anzeni na Kusadikika. Kilitoka mwaka 1951, ni chembamba, kurasa hazifiki mia. Nchi ya Kusadikika iko angani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, anapewa siku sita za kujitetea, na utetezi wake wote ni visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali wakaleta heri, wakalipwa kifungo. Kwa msomaji wa barazani mpangilio huo ni zawadi. Usiku wa kwanza someni mashtaka, kisha kila usiku mjumbe mmoja: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Wiki moja, kitabu kimekwisha. Kila kikao ni nusu saa hivi kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu ukurasa mmoja kwa sauti hula dakika mbili na nusu mpaka tatu. Msivuke mjumbe mmoja kwa usiku hata kama watoto wanalilia wa pili. Visa vinafanana umbo, vikifuatana siku moja vinachosha, na lawama zitakwenda kwa kitabu wakati kosa ni la msomaji.

Linaloharibika mara nyingi ni pumzi. Sentensi za Shaaban ni ndefu, zina pande mbili zinazopimana kama mizani ya dukani. Anayesoma bila kuitazama sentensi mpaka mwisho wake hushusha sauti katikati, akadhani imekwisha, na upande wa pili ukaanguka. Dawa yake ni kupitia kurasa za usiku huo asubuhi, kimya, na kutia alama ndogo ya penseli mahali pa kuvuta pumzi. Maneno magumu yapo. Msisimame kila neno kufungua kamusi, usomaji utakufa. Andikeni pembeni, mtafute kesho. Majina yenyewe yanasaidia: Majivuno hahitaji kuelezwa, Buruhani ni hoja au ushahidi, Auni ni msaada. Mtoto wa miaka kumi akishaambiwa hivyo huanza kuyabashiri ya mbele mwenyewe.

Cha pili ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, wa Shaaban huyo huyo. Hiki si cha kusoma chote barazani. Habari za maisha yake zisomwe asubuhi na mtu mmoja, taratibu. Barazani peleka tenzi mbili zilizo ndani yake: Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Ni nasaha za mzazi, na zinaingia vizuri zaidi zikitoka kinywani mwa mzazi kuliko kinywani mwa mwalimu.

Utenzi una kanuni yake, na asiyeijua huusoma kama gazeti. Ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Mitatu ya kwanza inamaliza kwa kina kimoja, na wa nne unabeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Mizani huhesabiwa kwa sauti, si kwa herufi. "Mtoto" ni tatu: m-to-to. "Binti" nayo ni tatu: bi-n-ti, kwa sababu ile n ya katikati hupewa nafasi yake. Jaribuni na mshororo wa mtaani tu, "mtoto mla mihogo": m-to-to, m-la, mi-ho-go. Nane kamili. Msomaji wa haraka humeza m mbili, zikabaki sita, na sikio la bibi aliyezoea kasida linashtuka papo hapo. Kabla ya kuanza, gongeni beti mbili kwa kidole mezani. Halafu gaweni kazi: msomaji achukue mishororo mitatu, wote waitikie wa nne baada yake. Kwa beti kumi za mwanzo watababaika. Baada ya hapo wanakisubiri kina kabla hakijafika.

Kosa jingine linatokana na uchapaji. Kuna matoleo yanayopanga beti safu mbili kwa ukurasa. Safu husomwa kutoka juu kwenda chini, kisha ya pili. Anayekata mlalo anaruka ubeti mmoja mmoja na maana inapotea, ilhali vina bado vinaonekana sawa, ndiyo maana kosa lenyewe halitambuliki haraka. Tazameni namba za beti kwanza.

Kutoka hapo hatua ni fupi kwenda Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Huu ndio tunaousisitiza kuliko vyote, na ndio mgumu kuliko vyote kuupata. Unahusu vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vilivyowaka Pangani mwaka 1888, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, kwa hiyo kumbukumbu yake inaangukia katikati ya likizo hii hii. Mtunzi ni mtu wa Mrima, yaani mwambao huu wa bara, anaandika kwa hasira na kwa uchungu wa aliyevamiwa, wala hajifanyi hakimu wa kati. Lugha ni ya kale, yenye maneno ambayo wazee wa pwani bado wanayo na vijana hawana. Mpeni mzee nafasi ya kukatiza. Toleo linalojulikana lina tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Hiyo tafsiri itumieni kama kamusi pale mlipokwama, msiisome badala ya utenzi. Msijaribu kuumaliza. Beti hamsini kwa usiku zinatosha kabisa, na watoto wadogo wawe wameshalala, kwa sababu kuna damu.

Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban tena, ni wa wapenzi wa taarabu, na Tanga haijawahi kuwapungukia hao. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu vya mama yake, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Kitabu ni kifupi, kinasomeka kwa vikao viwili au vitatu. Upungufu wake tuuseme wazi: Shaaban anamsifu mno. Anayetaka kujua Siti aligombana na nani, alilipwa nini, nyimbo zake zilimchoma nani mjini, ataondoka na njaa. Lakini kwa Kiswahili chenyewe hakuna kipya kinachokikaribia. Sikilizeni sauti yake kwanza, santuri zake zipo mitandaoni, halafu msome.

Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla (1960) ni wa asubuhi moja ndefu. Mauaji, mzimu, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni akiuliza maswali ambayo msomaji angeuliza. Hutaki kujua zaidi kabla ya kusoma. Kinafaa sana kwa kijana wa kidato cha pili anayesema vitabu vya Kiswahili vinachosha.

Kuli, wa Adam Shafi, ulitoka mwaka 1979. Unamfuata Rashidi, mtoto wa kuli, mpaka kwenye mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Watu wa Tanga wanausoma kwa jicho jingine. Kwa miaka mingi bandari yetu ilikuwa meli zinatia nanga nje na shehena inaletwa gatini kwa matishari, na familia nyingi za mji huu zililelewa na mgongo wa baba aliyebeba magunia na marobota ya katani. Sura za kazi, namna gunia linavyopokewa begani, namna nyapara anavyohesabu watu, hizo zisomeni polepole. Hotuba za baadaye zinarefuka, na mtu akizipitisha haraka hatutamlaumu. Barazani mazungumzo ya watu kwenye kitabu hiki hupendeza mno yakigawanywa, kila mmoja sauti yake.

Cha saba ni Peponi wa Abdulrazak Gurnah, na hapa ndipo watu wengi watashangaa. Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika riwaya hii kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumwita ami, na anakuja kuelewa dukani, si nyumbani, kwamba ametolewa kwa deni la baba yake. Waliosoma Kiingereza chake wasione wameshamaliza. Heshima na kinyaa vilivyomo katika neno moja la kumwita mtu, ami au seyyid, kwa Kiswahili vinasikika bila kuelezwa. Ni kinene kuliko vingine humu. Mpeni mtu mzima, asubuhi, wiki mbili. Kwa baraza hakifai, maana kimejaa mambo yanayosemwa kwa kunyamaza, na kunyamaza hakusomeki kwa sauti.

Tumeiacha riwaya ya Kezilahabi, Nagona (1990), kwa makusudi. Ni kijitabu chembamba na wembamba wake unadanganya, watu hukibeba ufukweni wakakikatia tamaa ukurasa wa kumi. Msimu wake ni kipupwe, kichwa kikiwa kimepoa.

Sasa kitabu chenyewe kama kitu cha kushika. Vingi vinavyouzwa hapa vimebandikwa kwa gundi mgongoni, havikushonwa. Gundi hiyo inalegea kwenye joto na kukauka baadaye, kisha mgongo unapasuka na kurasa zinatoka moja moja. Kitabu kilichoachwa mbele ya kioo cha gari mchana mmoja wa Desemba kimeshaanza safari hiyo. Kikiwa kipya, kilaze juu ya mgongo wake, fungua kurasa chache upande wa mbele, bonyeza kwa kidole karibu na mgongo, halafu chache za nyuma, endelea hivyo hivyo mpaka ukutane katikati. Usikikunje jalada kwa jalada. Unyevu ni adui wa pili: kabati lililoegemea ukuta wa nje huleta ukungu, kwa hiyo acheni nafasi ya vidole viwili nyuma ya vitabu. Kwa kwenda nacho Raskazone, kifungeni kwenye kanga kavu. Mfuko wa plastiki uliofungwa barabara unafungia unyevu ndani pamoja na kitabu.

Kuna nakala za kudurufu zinazouzwa kama vitabu halali. Zitambueni kwa maandishi yaliyofifia ukingoni, pambizo zilizopinda, na jalada ambalo picha yake imepoteza rangi. Zaidi ya uhalali, kasoro yao ni kurasa zilizorukwa. Hata chapa halali huweza kukosa fungu zima, maana kurasa hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, pitia haraka maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, mpaka mwisho. Ni dakika moja.

Anzeni kuuliza maktaba ya mkoa, hasa kwa tenzi na matoleo ya zamani. Maduka mengi ya vitabu mjini yanaishi kwa vitabu vya shule. Kusadikika mtakipata, na Kuli huenda, vilivyobaki vinaagizwa Dar na kuja kwa basi. Agizeni kabla shule hazijafungwa, kwa sababu wiki ya kufunga mabasi yanajaa na vifurushi vidogo hulala ofisini. Mkiagiza, tajeni mwandishi, jina kamili la kitabu na mchapishaji, na muombe picha ya ukurasa wa ndani wenye mwaka wa chapa. Kifurushi kikifika, kifungueni pale pale kaunta, mtazame yale maungio, ndipo mtie saini.