Kliniki ya kibofu Kirumba, Mwanza: daktari mzuri, choo ndo mtihani

Nyota nne. Ya tano nimeibania makusudi, mtajua mbele.

Mi nauza dagaa jumla, miaka 38, na karibu miaka miwili kibofu kinaniwaka, kikijaa ndo balaa, nikikojoa napata ahueni kidogo halafu inaanza tena. Kila maabara ya mtaani niliyoingia naambiwa una UTI mama, dozi hii hapa, wiki mbili nyingi nimerudi. Nimemeza antibayotiki hadi mdomo ukawa mchungu.

Hapa daktari hakukimbilia kuandika dawa. Kaniuliza maswali karibu nusu saa, mengine nikajiuliza yanahusiana nini na mkojo: hedhi inauma sana? tumbo linavurugika mara harisho mara choo kigumu? umekulia wapi? Nikamwambia Misungwi, tulikuwa tunaogelea kwenye malambo. Akasema basi tunapima na kichocho, maana kile cha mkojo kiko zaidi huko kwenye malambo na majaruba ya mpunga, hiki cha ziwani hapa mara nyingi ni cha tumbo. Mi siku zote najua kichocho ni kimoja tu jamani!

Kichocho hakuna. Mkojo wakauotesha maabara kuona kama kuna bakteria watakua, siku tatu, hakuna. Ndo akanieleza kuna maumivu sugu ya kibofu ambayo siyo maambukizi, hayana kipimo kimoja cha kusema ni haya, wanayafikia wakishaondoa mengine, na yawe yamedumu zaidi ya wiki sita. Wanawake tunayapata kuliko wanaume, wengi wanagundulika kuanzia miaka thelathini, na yanapenda kuwakuta waliougua UTI mara kwa mara, wenye tumbo la kuvurugika kama langu, wenye endometriosisi (ile nyama ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi), au maumivu ya misuli mwili mzima. Akasisitiza, ukiwa na hayo haina maana ndo yameleta ugonjwa, chanzo chenyewe wataalamu bado hawajakikamata.

Dawa alinipa chache, kubwa lilikuwa daftari, niandike ninachokula na maumivu yalivyo. Wiki ya pili nikajiona mwenyewe: kahawa, soda, nyanya nyingi, na ndimu na pilipili kwenye sato. Sato bila ndimu Mwanza hii, we fikiria. Akasema siyo kila mtu anachokozwa na vitu vilevile kwa hiyo nisiache vyote kichwakichwa. Mpaka sasa usiku naamka mara mbili badala ya sita. Haijaisha, na hakuniahidi itaisha.

Sasa nyota ya tano. Kliniki ya kibofu, ghorofa ya pili, choo kimoja, kiko chini, na funguo anakaa nayo mlinzi ambaye siku ile alikuwa ameenda kunywa chai!! Nesi ananiambia vumilia mayu (mama kwa Kisukuma), navumilia nini sasa. Bima hawapokei, kumuona daktari nililipa elfu 15, vipimo mbali.

Jumamosi wahi saa moja na nusu, foleni ikiwa fupi. Na mkojo usiumalize wote nyumbani, watautaka wa kupima.