Intaneti ya nyumbani Unguja na Pemba: ipi ununue kwanza, ipi iwe ya mwisho

Ukiingia dukani Darajani au Chake Chake kutafuta intaneti ya nyumbani, usianze na bei. Anza na swali hili: GB zikiisha, kunatokea nini? Kuna vifurushi vinavyokatika palepale, kuna vinavyoanza kula salio la vocha, na kuna vinavyoendelea kwa kasi iliyoshushwa. Hata kinachotangazwa kuwa hakina kikomo mara nyingi kina kiwango cha matumizi, ukikivuka kasi inashuka mpaka mwezi uishe. Muulize muuzaji kiwango ni GB ngapi na kasi inashuka mpaka ngapi. Mbps 2 (Mbps ni kipimo cha kasi) zinatosha WhatsApp na kazi za skuli, lakini runinga ya ukumbini na simu nne kwa pamoja zitakwama. Muuzaji asipoweza kukujibu hili, nenda duka la pili.

Kisha pima nyumba yako mwenyewe. Netflix wanaeleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Nyumba inayotazama saa mbili kila usiku kwa HD inaweza kufika GB 180 kwa mwezi. Ikishusha ubora wa picha, haizidi GB 60. Wengi wanakimbilia kifurushi kikubwa kumbe dawa iko kwenye mipangilio ya runinga. Mlaji mwingine asiyeonekana ni kamera ya ulinzi inayorusha picha nje mfululizo: kwa Mbps 1 tu inamaliza karibu GB 11 kwa siku. Wenye nyumba za wageni Paje na Jambiani, hili lifikirieni kabla ya kulipa.

Nafasi ya kwanza naipa faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya wa nyuzi za kioo, pale waya ulipofika. Unalipia kasi zaidi kuliko GB, na hugombanii mnara na mtaa mzima baada ya sala ya Isha. Hewa ya chumvi ya pwani, inayokula viungo vya waya wa shaba, haidhuru uzi wa kioo wenyewe. Ila uliza gharama ya kufungiwa, mkataba ni wa miezi mingapi, na kifaa ni chako au cha kuazima. Mji Mkongwe kuna la ziada: usimruhusu fundi atoboe ukuta wa nje kabla ya kuulizia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Na kuta zile nene za mawe na chokaa huzuia Wi-Fi. Masafa ya GHz 2.4 hupenya vizuri kuliko GHz 5. Umeme ukizimika, faiba nayo inanyamaza, hivyo tafuta betri ndogo ya akiba inayolingana na volti zilizoandikwa kwenye kifaa.

Ya pili ni rauta ya laini ya simu, yaani kifaa unachotia laini kikatoa Wi-Fi ya nyumba nzima, na kwa sisi wa mashamba, kuanzia Makunduchi hadi Konde, kwa vitendo ndiyo ya kwanza. Hapa nasisitiza kwa nguvu: nunua rauta isiyofungwa kwenye mtandao mmoja, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo. Rauta iliyofungwa inakufunga na wewe. Huduma ikidorora utabaki nayo kama pambo. Kabla ya kuchagua mtandao, azima simu za jamaa zenye laini tofauti, Yas, Airtel, Vodacom, Halotel, TTCL, uzijaribu ndani ya nyumba yako usiku watu wanapokuwa wengi mtandaoni. Jaribio la asubuhi linadanganya. Pemba kuna vilima na mabonde, kwa hiyo jirani wa juu anaweza kupata 4G safi na wewe wa bondeni usipate kitu. Rauta iweke dirishani, upande wa mnara.

MiFi ya betri, yaani rauta ndogo ya mfukoni, ni ya tatu: nzuri kwa mwanafunzi au msafiri wa boti, dhaifu kwa nyumba ya watu wengi.

Ya nne ni kuchangia na jirani. Ni nafuu, na ujirani wetu unaruhusu, lakini laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja. Litakalofanyika mtandaoni litaulizwa kwake. Mkikubaliana, fungueni mtandao wa wageni wenye nywila yake.

Bando za siku za simu naziweka mwisho. Chukua mfano wa hesabu: shilingi 1,000 kwa GB 1 kila siku ni shilingi 30,000 kwa GB 30, na zinazobaki usiku zinapotea. Simlaumu anayezinunua, maana kipato cha siku hununua cha siku. Ila kama mko watatu nyumbani, kusanyeni mnunue kifurushi kimoja cha mwezi.

Ukiamua kuhama, usikate cha zamani mpaka kipya kimepita angalau wiki moja ya majaribio. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba, lakini kwa rauta huna haja hiyo. Laini mpya inatosha, isipokuwa kama namba ile ina pesa zako za simu. Kisha ipe rauta mpya jina na nywila zilezile za zamani, herufi kwa herufi. Simu, runinga na kamera zitajiunga zenyewe, na mama hatalazimika kuomba nywila upya.