Red Queen: Mkono wa Gisa umetugombanisha barazani

Assalam aleikum, habari za jioni, karibuni tena. Leo nawarekodia kutoka Chumbageni, Tanga, nyumbani kwa shangazi yangu, na hizo kengele mnazosikia nyuma ni vikombe vya muuza kahawa, anapita na kurudi.

Kitabu chenyewe ni hiki, ngojeni nikisogeze karibu. Mnaliona taji? La fedha, limegeuzwa juu chini, linachuruzika damu. Red Queen, mwandishi ni Victoria Aveyard wa Marekani, kilitoka 2015 na ndicho kitabu chake cha kwanza. Hii nakala imepita mikono sita hapa barazani, ndiyo maana gundi ya mgongoni imeachia katikati, tazameni. Na leo sileti maoni yangu peke yangu. Naleta na ya hao wengine, maana kitabu hiki kimetugombanisha Jumamosi tatu mfululizo.

Kisa kwa ufupi. Nchi inaitwa Norta, na watu wake wamegawanywa kwa rangi ya damu. Wenye damu ya fedha ndio wafalme na majenerali, na kila ukoo una nguvu zake: hawa wanaamrisha moto, wale chuma, na malkia anaingia akilini mwako akasoma kilichomo. Wenye damu nyekundu, yaani sisi, wanafanya kazi na kwenda kufa vitani. Mare Barrow ana miaka 17, anatoka kijiji cha nyumba zilizosimama juu ya nguzo kando ya mto, na riziki yake ni kuchomolea watu mifukoni. Akifika 18 hana kazi, anachukuliwa jeshini, kwenye vita vilivyodumu karne nzima. Anapata utumishi ikulu. Siku mabinti wa koo kubwa wanashindanishwa ili apatikane mchumba wa mwana mfalme, Mare anaanguka juu ya ngao ya umeme, watu wote wanaona. Umeme haumuui. Unamtii. Ana damu nyekundu na nguvu anazo, jambo ambalo halikupaswa kuwepo! Basi mfalme anamficha palepale: anampa jina la ukoo wa fedha na kumchumbia mwanawe mdogo. Nakomea hapo, asiyekisoma asije kunilaumu.

Sasa nianze na shangazi. Yeye ni fundi cherehani, ameshona tangu kabla sijazaliwa, na Kiingereza cha kitabu hakimwelei, kwa hiyo nilikuwa namsomea kwa Kiswahili huku akifanya kazi. Tukafika kwa Gisa, mdogo wake Mare, ana miaka 14, mwanafunzi wa kutarizi, na ndiye anayetegemewa pale nyumbani. Katika ghasia za mjini Gisa anajaribu kuiba ili amsaidie dada yake, anakamatwa, askari anamvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Mkono wa kushonea. Shangazi alikuwa anapinda mkono wa gauni la harusi. Miguu ikasimama kwenye cherehani. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akavinyoosha vidole vyake, akavitazama, dole gumba lina sugu la mkasi, akasema, "Huyu aliyeandika anamjua fundi. Mkono ule ukivunjika, nyumba nzima imelala njaa." Tangu siku hiyo kila nikija ananiuliza, "Gisa kapona?" Hajaniuliza hata mara moja kuhusu mwana mfalme.

Na mimi niko naye. Kitabu hiki nguvu zake ziko kijijini, haziko ikulu.

Kuna kaka mmoja wa baraza letu, ni baharia, chombo chao hupaki Deep Sea, hapahapa Tanga. Yeye alimshika Kilorn, rafiki wa Mare. Kilorn alikuwa anafundishwa uvuvi, bwana wake akafa, basi kazi hana, na asiye na kazi ni mali ya jeshi. Kaka akasema, "Hapa kwetu nahodha akifa unatafuta chombo kingine. Kule unatafutwa wewe." Jirani yetu wa makamo, ambaye babu yake aliletwa Tanga kukata mkonge, akaongezea yake. Watu walitolewa mbali, wakaletwa mashambani wakapewa namba, ndiyo wakaitwa manamba. Akasema, "Kule rangi ya damu, huku namba." Baraza likakaa kimya kidogo.

Halafu suala la umeme. Kijijini kwa kina Mare umeme ni wa mgawo, ilhali wanaofanya kazi viwandani usiku na mchana ni haohao wa damu nyekundu. Na nguvu anayojikuta nayo binti huyu ni umeme wenyewe, kile kitu walichokuwa wanapimiwa. Kwangu hili ndilo wazo zuri kuliko yote humu ndani, na naona mwandishi angelikalia zaidi.

Ikulu sasa, hapo ndipo tulipogawanyika. Wadogo zangu wa kidato cha tatu wanaipenda mno, na wana hoja. Kila asubuhi Mare anapakwa rangi usoni ili akiona haya au akikasirika, wekundu usijitokeze kwenye ngozi. Fikirieni kuishi mahali ambapo hata kuona haya kunaweza kukuua. Sura hizo zinasomeka bila kupumua. Lakini wakubwa tulichoka na vijana. Cal, mrithi wa kiti, anamtazama. Maven, mchumba, anamtazama. Kilorn naye yupo. Kuna kurasa ambazo vita vinasubiri mpaka Mare aamue moyo wake unadunda kwa nani. Na Evangeline, mchumba wa Cal, binti wa chuma, katika kitabu hiki ameachwa awe mbaya tu, wakati naona kabisa alistahili zaidi.

Waliosoma riwaya nyingi za aina hii wanasema ni viraka vya vitabu vingine. Sehemu fulani ni kweli: uwanja wa mapambano, kikundi cha waasi, msichana anayegeuzwa alama. Ila usaliti wa mwishoni ni wake mwenyewe. Mdogo wangu alikitupa kitabu kwenye mkeka akatoka nje. Mimi nilirudi nyuma kurasa mia moja kutafuta nilipodanganywa, nikakuta dalili zote zilikuwepo mbele ya macho yangu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Jambo moja lazima niliseme nikiwa Tanga. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, hapahapa kwetu, na Kusadikika yake ya 1951 nayo ni nchi ya mfalme, inayoelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakafungwa. Karama ana ulimi tu. Mare ana radi mikononi, na mara nyingi nilitamani asimame pale mbele ya mfalme aseme, aeleze, abishane, hata kwa ukurasa mmoja. Hasemi. Anapiga. Kama mna Kusadikika ya shule kabatini, visomeni viwili hivi kwa kufuatana.

Wanaoniuliza kuhusu watoto: kuanzia miaka 14 ningempa. Kuna mauaji, na mengine ya hadharani, mzazi ajue hilo. Mapenzi yake hayavuki mabusu. Kiingereza ni chepesi, Mare anasimulia mwenyewe, kurasa karibu 400 ambazo mtu anazimaliza wiki moja. Vinafuata vitatu vikubwa, cha mwisho kilitoka 2018.

Cha pili nimeshakipata, tunaanza Jumamosi. Shangazi ameshaniwekea masharti: nisimsomee ya ikulu kwanza. Nifungue nimtafute Gisa yuko wapi.