SM12 ya SAP: uzoefu wangu na rekodi zilizofungwa

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wa stoo na uhasibu wanaotumia SAP, programu ya kuendeshea shughuli za kampuni, na kuna skrini moja ninayoithamini kuliko zote: SM12. Hiyo ndiyo inayokuonyesha makufuli, yaani nani ameshika rekodi gani na tangu saa ngapi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunafunga hesabu. Saa moja kasorobo jioni dada wa uhasibu akanipigia: "Kaka, MIGO, ile skrini ya kupokea na kutoa bidhaa, imenigomea. Inasema data ya thamani ya bidhaa imefungwa na mtu mwingine." Huo ni ujumbe M3 024, naujua kwa moyo. Nikafungua SM12. Hapa wengi hukwama, maana skrini huja ikiwa imeshajazwa jina lako mwenyewe. Ukibonyeza tu unaletewa orodha tupu, unaamini hakuna kufuli. Futa jina, weka nyota (*), yaani watumiaji wote.

Mstari ukajitokeza: jedwali MBEW, lenye thamani za bidhaa, aina E, yaani kufuli la mtu mmoja asiyetaka mwenzake aguse, saa 16:52. Jina ni la mzee wetu wa stoo ya Mwanza. Limekaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Kitufe cha kufuta kipo juu ya orodha, na dada anasubiri kwenye simu. Sikukigusa. Nilimpigia mzee kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huku umeme umekatika tangu saa kumi na moja, kompyuta imezimika nikiwa napokea mzigo."

"Ulikuwa umeshasevu?"

"Bado. Karatasi za mzigo ninazo hapa."

Jibu hilo ndilo nililolihitaji. Nikaangalia SM13 kama kuna kazi yake iliyokuwa bado inaandikwa kwenye hifadhidata, hakuna. Nikamtafuta kwa AL08, orodha ya walioingia kwenye seva zote, kwa sababu SM04 huonyesha waliomo kwenye seva yako tu, nikaifunga sesheni yake. Kufuli likaondoka lenyewe, dada akamaliza kazi yake. Umeme uliporudi, mzee akaupokea mzigo upya.

Wenzetu wa hifadhidata hupoteza muda wakiyatafuta makufuli haya kwao. Hayako kule. Yanakaa kwenye kumbukumbu ya seva ya makufuli ya SAP yenyewe, na programu ndiyo inayoyaomba na kuyaachia. Kwa hiyo kompyuta ya mtu ikizimika ghafla, seva inaweza kuendelea kuamini kwamba bado yupo kazini, na kufuli lake linabaki. Ukiifunga sesheni unaondoa chanzo. Ukifuta kufuli peke yake, mtu bado yumo ndani na ile rekodi iko wazi kwa kila mtu.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilifuta kufuli la oda ya manunuzi bila kumuuliza mwenyewe, kumbe alikuwa ndani ya ME22N, skrini ya kubadilisha oda, anabadilisha idadi. Mwenzake akaingia, akarekebisha bei, akasevu. Dakika chache baadaye yule wa kwanza naye akasevu, na bei ya zamani ikarudi. Tuligundua ankara ilipofika. Mfumo haukukosea: mimi ndiye niliyeuondoa ulinzi uliokuwepo.

Lawama yangu kwa SM12 ni namna inavyoiandika rekodi iliyofungwa. Kwenye ECC yetu, yaani toleo la SAP tunalotumia, kufuli la MBEW ni tarakimu tatu za klaienti (sehemu ya mfumo unayoingia), kumi na nane za namba ya bidhaa zikiwa zimejazwa sifuri, kisha herufi za tawi, vyote vimeshikana bila nafasi. Kusoma hivyo usiku wa kufunga mwezi kunachosha macho. Rangi, kwa upande mwingine, inasaidia sana: mstari wa bluu maana yake kufuli limeshakabidhiwa kwa kazi ya kuandika. Huo usiuguse kabla ya kupita SM13.

Baada ya usiku ule tuliweka rdisp/gui_auto_logout, mpangilio unaomtoa mtu aliyekaa bila kufanya kitu, kuwa sekunde 1800. Awali ilikuwa sifuri, yaani imezimwa. Watu wa stoo walilalamika, na nawaelewa, kwa sababu asiyesevu hupoteza alichoandika. Ruhusa ya kufuta makufuli, S_ENQUE, tumebaki nayo wawili, na simu zetu hazizimwi wiki ya kufunga mwezi.