Silinda moja, mbili au nne: injini ya pikipiki ya kununua ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi mwa Kenya

Mtu anayeingia kwenye yadi ya pikipiki, iwe Kisumu au Nakuru, kwa kawaida huuliza bei, cc (ukubwa wa injini) na kiasi cha mafuta itakachokunywa. Swali ambalo huulizwa mara chache, na ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia yote, ni idadi ya silinda (vyumba ambamo mafuta huwaka na kusukuma pistoni) na namna zilivyopangwa. Mpangilio huo ndio unaoamua kama pikipiki itavuta ikiwa mwendo wa chini, kama mikono itakufa ganzi ukifika Molo, na kama fundi wa mtaani kwako ataweza kuifungua bila kuogopa.

Nimezipanga injini hizi kwa kufuata mazingira yetu. Kisumu iko mita 1,100 na kitu hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru inakaribia 1,850, na ukipita Timboroa umevuka 2,700. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi, hivyo pikipiki iliyoandikiwa nguvu farasi 12 kwenye karatasi itakuwa na 9 hivi ukiwa Timboroa. Ongeza joto la Kisumu, matope ya Kakamega wakati wa masika, na ule mlima wa Riat, nje ya Kisumu, ambao hauna huruma kwa anayebeba abiria na gunia la mahindi.

Nafasi ya kwanza naipa silinda moja inayopozwa kwa upepo. Sisemi hivyo kwa sababu ni ya bei nafuu tu. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kati ya mwako mmoja na mwingine gurudumu la nyuma hupata upenyo mfupi wa kushika ardhi tena, jambo ambalo dereva hulihisi wazi anapotoka kwenye tope taratibu kwa gia ya kwanza. Ni nyembamba, ni nyepesi, haina redieta ya kutobolewa na jiwe, na vipuri vyake vinapatikana hata kwenye kituo kidogo cha soko.

Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi la fundi pale Kondele, Kisumu, nikimtazama akirekebisha tapeti, yaani mwanya wa vali (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi), za pikipiki ya aina hiyo. Alifungua vifuniko viwili, akazungusha krankishafti mpaka alama ya T ikalingana na mkato wake, akapitisha kibamba chembamba cha chuma cha kupimia mwanya wa vali, akakaza nati kwa spana ndogo huku akizuia skrubu isizunguke. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa. Mipangilio mingine mingi katika orodha hii haitahudumiwa kirahisi hivyo kando ya barabara.

Hata hivyo, silinda moja zenyewe zina aina mbili, na mnunuzi anapaswa kujua anaangalia ipi. Katikati ya miaka ya 1970, Honda ilitoa CG125 ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kubadilishiwa oili kwa kuchelewa. Waliondoa mnyororo wa kuendesha vali ulioko kwenye injini nyingi, wakaweka fimbo mbili za chuma zinazosukuma vali kutoka chini. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona hapa zimefuata muundo huo. Bajaj Boxer na TVS HLX, kwa upande mwingine, zina kemshafti (mhimili unaofungua vali) juu ya silinda inayoendeshwa kwa mnyororo, na kwa hiyo hupanda mizunguko kwa ulaini zaidi, lakini zikinyimwa oili mnyororo huo hulegea na kuanza kugongagonga. Ikiwa pikipiki itaendeshwa na dereva wa kuajiriwa ambaye huna hakika kama atapima oili, chukua ya fimbo. Ikiwa utaiendesha na kuitunza mwenyewe, chukua ya kemshafti ya juu.

Udhaifu wa silinda moja ndogo ni barabara kuu. Ukitoka Nakuru kuelekea Mau Summit na lori likawa mbele yako mlimani, hutakuwa na akiba ya nguvu ya kulipita kwa usalama, na mtikisiko kwenye usukani na vikanyagio utakuchosha mapema. Silinda moja kubwa zaidi, kama Royal Enfield Himalayan ya cc 411, hupunguza tatizo hilo, ingawa haiondoi mtikisiko wote.

Kwa anayesafiri mara kwa mara kati ya miji, nafasi ya pili, na pengine ya kwanza kwake, ni silinda mbili zilizosimama sambamba. Hapa uliza jinsi pistoni zinavyopishana. Zikipanda na kushuka pamoja, mwako huwa wa kulingana lakini mtikisiko ni mkubwa. Zikipishana kwa nyuzi 180, mtikisiko huo hupungua ila mwako huwa wa kuchechemea. Zikipishana kwa nyuzi 270, jinsi Yamaha ilivyofanya kwenye TRX850 mwaka 1995, mwako hufuatana kama ule wa injini ya V (silinda mbili zilizoachana kwa umbo la herufi V) ya nyuzi 90, na uvutaji wa chini huwa mtulivu na wa kutegemewa. Ndiyo maana utaukuta mpango huo leo kwenye Ténéré 700, kwenye Honda Africa Twin ya kuanzia mwaka 2016, na kwenye Royal Enfield za cc 650. Silinda zote mbili hupigwa na upepo kwa usawa, na kichwa cha injini ni kimoja. Vipuri vingi utaviagiza, kwa hiyo weka fedha za kichujio, plagi na kebo za akiba katika bajeti yako tangu mwanzo.

Ya tatu ni bapa, yenye silinda moja kulia na nyingine kushoto, pistoni zikienda kinyume na kufuta mtikisiko wa kila mmoja. Kwa Kiingereza mpango huo huitwa boxer, na hapa kwetu jina hilo huwachanganya watu, kwa kuwa Boxer ya Bajaj ni silinda moja iliyosimama na haina uhusiano wowote na mpango huu. Ya bapa ni ya BMW tangu R32 ya mwaka 1923. Uzito wake uko chini, vali zake ni rahisi kufikiwa, na shafti ya kuzungusha gurudumu la nyuma huchukua nafasi ya cheni, faida kubwa sana kwenye tope. Lakini silinda zinazotokeza pembeni ndizo zinazogonga ardhi ukianguka, na bei yake ingenunua bodaboda kadhaa.

Injini ya V huvuta vizuri, na Suzuki V-Strom 650 ni mfano mzuri, ila silinda ya nyuma haipati upepo vizuri na kufikia vali zake ni kazi ndefu. Silinda tatu ni tamu kwenye lami, na lami pekee.

Silinda nne za mstari naziweka mwisho, na nasema hivi nikiwa nimewahi kuimiliki moja. Tangu Honda CB750 ya mwaka 1969, mpango huu umetoa mashine laini ajabu, lakini nguvu zake ziko juu kwenye mizunguko mingi, na njia zetu hazikupi nafasi ya kufika huko. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, kabureta nne (vifaa vya kuchanganya mafuta na hewa) zikiwa hazilingani, na nilikaa miezi miwili nikitafuta mtu mwenye vipimo vya kuzisawazisha. Nikipanda Riat nyuma ya trekta la miwa, feni ikinguruma na joto likinipanda mapajani, nilielewa kosa langu.

Kabla ya kulipa, gusa injini kwa kiganja ikiwa haijawashwa. Inapaswa kuwa baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha shida ya kuwaka na kelele za mnyororo. Iwashe, kisha baada ya nusu dakika nyunyizia tone la maji kwenye kila bomba la ekzosi karibu na silinda. Bomba ambalo tone halikauki haraka kama kwenye mengine lina silinda isiyowaka sawasawa. Ukiikuta tayari ina joto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, naye asiiwashe kabla hujafika.